Zimwi Nililoliweka Salaita

Nafula, mama,

Sitakuuliza hali. Kutoka hapa karakana nakusikia ukigombana na zipu ya begi, na namsikia mama yako akikwambia upunguze nguo, nawe unamjibu kwamba kilichozidi si nguo, ni vitabu. Kwa hivyo najua u mzima na u mkaidi kama kawaida. Jua bado liko juu. Nimefunga kazi mapema, nikamwambia yule mteja wa madirisha arudi keshokutwa, nikapangusa vumbi la chuma kwenye meza yetu na kukaa upande wa mwenye meza. Lile boksi la mafuta ya kupikia, ninaloficha siri za mchezo nyuma yake, bado limesimama hapa mbele yangu, vile lilivyoachwa Jumapili.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutonunua chakula dirishani na ya kushika simu vizuri pale mpakani, mama yako ameshayasema mpaka paka anayajua. Sitayarudia. Mimi nataka tuzungumze habari ya mazimwi.

Najua umecheka. Cheka, lakini soma mpaka mwisho, maana mama yako ameniambia neno ulilomwambia jana mkichambua mboga. Kwamba huenda kesho usipande gari. Kwamba utawapigia wale vijana wa Moshi uwaambie wampe mwingine nafasi yako, kwa sababu huwezi kuondoka baba amenuna na zimwi limesimama. Sasa nisikilize vizuri. Utapanda. Barua hii ikinishinda, nitakubeba begani wewe na hilo begi lako mpaka steji, na watu wa Voi watapata la kuzungumza mpaka Krismasi.

Naandika kwa sababu nikikaa mbele yako mdomo wangu unageuka mzaha. Unanijua. Nina maneno mengi ya kuuza geti na machache sana ya kazi nyingine.

Unakumbuka ulivyouleta huu mchezo nyumbani? Ulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni alikaa shuleni kwenu muhula mmoja, akawafundisha wachache wenu, na alipoondoka akakuachia kitabu chenye jalada lililochanika. Nikakuuliza ni mchezo gani huo usio na mpira wala karata. Ukanieleza kwamba watu wanakaa mezani, mmoja ndiye mwenye meza, anasimulia nchi na njia na hatari zake. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu ya pande ishirini inaamua kama amefaulu. Namba kubwa ni heri, namba ndogo ni balaa. "Kwa hivyo ni uongo," nikasema. "Ndiyo, baba, lakini ni uongo wenye sheria." Hapo ulinikata kauli. Nimehudhuria mikutano ya kampeni tangu ujana wangu na sijawahi kukutana na uongo wenye sheria.

Mkaanza kuchezea hapa Jumapili baada ya kanisa, kwa kuwa kuna meza kubwa na siku hiyo grainda imelala. Wewe mwenye meza. Mwadime wa boda, shujaa wa upanga. Mutheu wa duka la dawa za mifugo, mganga wa kundi. Mimi nilikuwa naingia nikijifanya natafuta spana. Nilitafuta spana hiyo Jumapili kadhaa, mwishowe nikavuta kiti.

Na wewe mwenyewe ndiye uliyeweka ile kanuni, siku Mwadime alipopigiwa simu na abiria katikati ya vita akaanza kutafuta funguo za pikipiki. Ulimwambia, "Kaa chini. Meza haiachwi na zimwi limesimama." Akakaa, na abiria akangoja. Tangu siku hiyo mpaka Jumapili iliyopita hatukuivunja hata mara moja. Upepo ulipong'oa mabati tulihamia jikoni tukaendelea, mama yako akikatakata sukuma juu ya ramani ya milima yetu na kutuuliza kama hao askari wetu wanakula.

Mazimwi ya kile kitabu yalikuwa ya nchi za baridi. Mbwa mwitu wa theluji, majitu ya barafu. Unakumbuka Mwadime? "Barafu ya wapi, na hapa hata soda haipoi!" Ukaona kweli hakuna anayeogopa. Ndipo ukaanza kutengeneza yako, na mama yako akayapa jina, mazimwi ya kienyeji, kama kuku. La kwanza lilikuwa Mnywa-Tangi. Kila asubuhi kijiji kinaamka, matangi yote makavu, na kwenye tope kuna alama ya mkia. Mwadime alilipiga upanga, likalia. Halikurudisha pigo. Mutheu ndiye aliyesema tulifuate badala ya kulipiga. Tukalifuata mpaka pangoni, tukakuta linawatemea maji watoto wake mdomoni. Nilikuwa nimeshika dadu na sikuweza kuirusha. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa amenifanya nimwonee huruma mwizi wa maji, na Voi hii sote tunajua maji ni nini.

Nilikuuliza siku hiyo ulifanyaje. Ukasema, "Nilijiuliza kwanza linataka nini. Meno nikayatia baadaye." Weka hayo maneno yako akilini, nitayarudia.

Halafu ikaja habari ya dadu. Mlikuwa na moja tu ya plastiki, nayo ikamezwa na mbuzi wa jirani. Mwadime akapendekeza tumfuate huyo mbuzi mpaka aitoe, mama yako akaapa haitaingia nyumbani kwake. Basi fundi nikajipiga kifua. Nikachukua kipande cha chuma kigumu, nikakaa nacho na grainda jioni baada ya jioni. Pande ishirini si mchezo! Upande mmoja nilikata kupita kiasi, nikaujaza kwa kuchomelea, na hapo ndipo nilipoharibu. Upande huo ukawa mzito. Ukiirusha, dadu inalalia uzito wake na kuonyesha tatu. Mtu anaruka bonde, tatu, anaanguka. Mtu anamsalimia mfalme, tatu, anamtukana mama yake. "Tatu tena!" mkawa mnapiga kelele mpaka majirani wakadhani tumefungua kamari. Baadaye mkaagiza dadu nyingine Mombasa, na ile ya chuma ikabaki kazi yake ni kuzuia karatasi zisipeperuke.

Ulipomaliza shule ulisema umechoka kuwa mwenye meza, unataka nawe uwe na mtu wako wa kutembeza. Nikasema nitakaa mimi. Aibu niliyoipata Jumapili ile ya kwanza naijua hadi leo. Nilitengeneza zimwi lenye vichwa vinane, mabawa, moto, sumu, mkia wa misumari, na sauti ya kupasua miamba. Nilidhani mtatetemeka. Mwadime akalala! Nikakasirika sana. Wewe ukanivuta pembeni ukaniambia taratibu, "Baba, umelitengeneza kama geti la tajiri." Ukanimaliza. Kwa sababu ninayajua mageti hayo, nimeyatengeneza mwenyewe, simba huku, mkuki kule, maua katikati, na mwenye nyumba hajui aangalie wapi. Nikarudi nikakata vichwa saba. Kikabaki kimoja chenye sikio moja lililosikia uongo, na Mwadime hakulala tena.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Zimwi langu la bondeni liliruka kutoka gizani likamuua mganga wa Mutheu kwa pigo moja. Hakuona, hakusikia, hakupewa nafasi ya hata kukimbia. Yule mganga, Mutheu alikuwa amemlea tangu mwanzo wa mchezo, alimpa jina la nyanya yake. Mutheu alikusanya vitu vyake akaenda, zimwi likiwa limeshaondoka kwa hivyo kanuni haikuvunjwa, na hakurudi Jumapili nyingi. Nikasema amezidi kudeka, ni mchezo tu. Wewe ukaniuliza kama nimewahi kumwona ndovu akiua bila kutoa ishara. Jibu unalijua. Ndovu wa hapa kwetu atapanua masikio, atapiga vumbi, atakuja mbio za uongo kisha asimame. Anakwambia. Anayekufa mara nyingi ni aliyeambiwa akajifanya hasikii. Nikaenda dukani kwa Mutheu nikamwomba radhi mbele ya wateja wa dawa za kupe, na tangu hapo zimwi langu lazima lipige mluzi kabla ya kuuma.

Ningejua kutumia hayo nje ya meza, ningekuwa baba mzuri kweli.

Siku ulipotuambia habari ya Moshi tulikuwa na wageni. Ulikuwa umeshika simu kwa mikono miwili. Ukasema kuna vijana huko wanachapisha michezo ya meza kwa Kiswahili, wameona Mnywa-Tangi wako mtandaoni, wanataka uende ukae nao utengeneze kitabu kizima cha mazimwi ya kwetu na ya upande ule wa mlima. Uso wako ulikuwa unawaka. Na mimi nikauma bila mluzi. Nikasema mbele ya watu, "Tumekusomesha ili ukauze hadithi za mazimwi?" Wageni wakacheka. Wewe ukainama ukaokota vikombe. Nafula, sauti ya vile vikombe kwenye sinia ninayo hapa masikioni ninapoandika. Ilikuwa ovyo, na iliniuma kuanzia dakika ile ile, na sikusema. Nasema leo. Nisamehe, mama.

Ukaniambia baadaye, kwa heshima zako, kwamba hutaondoka haraka, tutamaliza kwanza safari ya kundi letu mezani, halafu utaenda. Nikasema sawa. Na hapo ndipo nikatengeneza Mkaanjia.

Unalijua kwa umbo. Mwili wa udongo mwekundu kama kichuguu, mabega ya mataruma ya reli, kichwa cha miiba ya mkonge. Limekaa katikati ya barabara pale Salaita, na hakuna njia ya kulizunguka. Ningeweza kuliweka Sagalla. Ningeweza kuliweka Mwatate au popote kwenye milima yetu ya kubuni. Nililiweka Salaita, kwenye barabara ya Taveta, barabara ya mpakani, barabara ya Moshi. Fundi hapimi ovyo, na mimi nilijua ninapima nini.

Mmelipiga Jumapili baada ya Jumapili. Mmetumia upanga, moto, mtego, maji, na siku ile Mwadime alijaribu hata kuliimbia. "Baba Nafu, hii kitu haikufi?" Mnajua uhai wa zimwi tunauhesabu kwa maharagwe, yale mekundu ya Njukini anayotuletea mama yako mdogo, yamo kwenye kopo nyuma ya boksi, na kila pigo lenu naondoa punje. Niliondoa. Kila pigo niliondoa, mkono wa kulia, mbele ya macho ya Mungu. Na kwa mkono wa kushoto nilikuwa narudisha nyingine kutoka mfukoni.

Ndiyo. Mimi. Mzee wa kanisa, mwenye meza, mtu anayemfokea fundi mwenzake akipunguza bawaba moja kwenye geti. Nilikuwa naiba maharagwe mchezoni ili binti yangu asiende Moshi.

Jumapili iliyopita, unakumbuka, ulipata ishirini kamili. Mwadime akarusha kofia. Mutheu akanikumbatia mimi, adui! Nami nikatia mkono mfukoni, nikasema kwa sauti ya msiba, "Bado limesimama." Ukaniangalia. Hukukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Ukauliza, "Baba, hili zimwi lako linataka nini?" Nikasema linataka kushinda. Ukatikisa kichwa. "Basi hilo si zimwi. Hilo ni jiwe limewekwa barabarani." Ukaweka dadu chini na kutoka. Kanuni ni yako, na wewe ndiye uliyeivunja, na hakuna mtu mezani aliyekulaumu.

Jumatatu mama yako alifua suruali yangu. Saa ya kula aliniwekea sahani mbele yangu, na kwenye sahani palikuwa na konzi ya maharagwe mabichi, yamelowa sabuni. "Baba Nafula, karibu. Kula ushindi wako." Ebo! Nilianza kujitetea, nikasema nilikuwa nataka mchezo uwe mrefu kidogo. Akaniambia, "Mtoto si mchezo," akaondoka na mchuzi. Nililala njaa, na nilistahili.

Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kweli, lakini linakubakisha nusu, na ile nusu ndiyo ilikuwa inafungua begi jana na kutoa nguo. Mimi ndilo hilo zimwi linalokujua. Najua ukiona nimenuna hutaondoka. Sikuhitaji kukukataza. Nilihitaji kukaa tu barabarani.

Nikuambie kisa kimoja ambacho sijakuambia, halafu tumalize kazi.

Babu yako alikuja kutoka upande wa Bungoma kukata mkonge, na mimi nilizaliwa kwenye nyumba za kambi ya shamba. Nilipotaka kuja Voi kujifunza kuchomelea, nilimkuta mlangoni ananoa kisu cha mkonge. Nikasema, baba, naenda. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nenda basi," akaendelea kunoa. Basi nikaenda na hasira yangu. Nilijua amenuna. Kutoka hapa mpaka kambini si safari, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa, lakini sikwenda. Mvua za vuli zikapita, za masika zikapita, sikwenda. Naye hakuja. Nyanya yako, huyo uliyebeba jina lake, ndiye aliyechoka. Alimvisha babu yako koti la kanisani akamleta mpaka mlango wa karakana ya bwana wangu aliyenifunza kazi, akamwambia, "Haya, huyo hapo," akaenda zake sokoni.

Hakunisalimia. Palikuwa na geti limeegemea fremu yake, kazi yangu ya kwanza iliyotoka sawa. Akalifungua. Akalifunga. Akalifungua tena. Mzee aliyekata mkonge maisha yake yote, anafungua na kufunga geti la mtu mwingine kama mtoto. "Linafunguka," akasema. Nikasema, "Ni geti, baba." "Naona. Hapa umeshikishaje?" Nikamwonyesha bawaba. Nikamweleza kwa nini ya chini inabeba kuliko ya juu, kwa nini ukikosea unywele mmoja geti litalia miaka yote. Alisikiliza mpaka bwana wangu akafunga. Njiani akaniambia, "Siku zote nilikuwa nangoja uniambie unakwenda kufanya nini." Nikamwambia nami siku zote nilikuwa nangoja aniulize. Tukatembea mpaka sokoni kwa mama.

Kwa hivyo kumbe hakuwa amenuna. Nilirithi mabega yake, nikarithi ugonjwa wake wa sukari, na huo ujinga nao nikaurithi wote bila kupunguziwa. Tangu ulete habari ya Moshi nimekuuliza ni lini, ni nani atakulaza, ni nani amewahi kuwasikia hao watu. Sijakuuliza hata siku moja unakwenda kutengeneza nini. Geti lisilo na bawaba ni ukuta tu, na mimi nilikuwekea ukuta nikauita zimwi.

Sasa tufanye kazi. Nimekaa hapa tangu nifunge kazi nikilitengeneza upya kama ulivyonifundisha, kuanzia mwanzo, na hizi ndizo sheria zake.

Mkaanjia hukaa Salaita. Kabla halijainuka hutoa ishara, vumbi la barabarani linatulia ghafla na kunguru wananyamaza, ili msafiri ajue. Ukilipiga kwa upanga linakua, kwa hivyo mapigo yenu yote yalikuwa yanalinenepesha, mwambie Mwadime asijilaumu. Halina vichwa vingi. Halitaki damu wala dhahabu. Linataka kuambiwa. Msafiri akiweka mzigo chini akaliambia kwa sauti anakwenda wapi na anakwenda kufanya nini, linasogea. Na sheria ya mwisho nimeiandika kwa wino, nisije nikaibadilisha kesho. Mkaanjia haliulizi utarudi lini.

Unaonaje? Mimi naona ni zimwi zuri. Ni la kwanza nililotengeneza ambalo singeona haya ulipeleke kwa hao wenzako wa Moshi ukawaambia ni la baba yako, fundi wa mageti.

Yale maharagwe, ya kopo na ya mfukoni, nimempa mama yako yote isipokuwa punje moja. Ameyaosha mara nne kwa sababu ya sabuni, aliyaloweka tangu jana, na harufu unayoisikia huko ndani ndiyo hayo. Usiku huu tunakula uhai wa zimwi kwa chapati. Mwadime na Mutheu nimewaalika. Nimewaambia habari ya mfuko wangu, na Mwadime amesema atanidai petroli ya Jumapili zote hizo. Mwache aseme.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako mama yako akikuita kutenga sahani, uisome kabla hujaja mezani. Ukija, nitakuuliza. Nitauliza mbele ya watu, kama nilivyokuaibisha mbele ya watu. Nafula, unakwenda kufanya nini huko? Utaanza na zimwi gani? La ziwani, la mpakani, la kwenye migomba? Linataka nini? Nieleze mpaka chakula kipoe. Nataka kujua, na hata nisipoelewa yote nitaendelea kuuliza.

Kisha kesho utapanda gari. Sitaki kusikia mengine.

Jambo moja limebaki, kwa sababu kanuni ni kanuni na mimi sitaki uondoke na zimwi limesimama. Ile punje moja niliyobakisha imo kwenye kopo. Gari likifika Salaita, liambie zimwi, hata kama abiria wenzako watakutazama, kisha rusha dadu kwenye kitabu chako na unitumie namba. Namba tu, usiandike kingine, maana nitakuwa kazini na sitaki mteja anione ninavyokuwa. Nitaondoa hiyo punje na kulikunja hili boksi.

Dadu iko ndani ya bahasha hii. Ni ile ya chuma, niliyoiharibu mimi mwenyewe, na unajua inavyolala. Nimeketi na sheria nikazipima mpaka zikatoshana nayo. Zimwi la Salaita linaanguka kwa tatu.

Baba yako